Moto wa Nyumba Mbili

Tanuri lilizimika siku ambayo halikuwa na ruhusa ya kuzimika. Lingezimika mwezi wa sita, Halvar wala asingejua. Lingezimika Januari ya mwaka mwingine wowote, angelitukana kidogo, akalisafisha, akarudi kwenye kahawa yake. Lakini lilichagua Alhamisi ile, redio imetangaza nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na upande wa pili wa ua kaka yake Evert amelala akisubiri kufa.

Aligundua alipokuwa ananawa uso, saa moja na robo asubuhi. Maji ya bomba yalitoka vuguvugu, kisha yakaacha hata kujisingizia. Halvar akaweka kiganja kwenye rejeta ya ukutani, kile chuma cha kupashia chumba joto, akakiondoa, akavaa suruali ya kazi juu ya ile ya kulalia. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mgane, mtu wa maneno machache na magoti mabovu.

Tanuri lilikuwa moja na nyumba zilikuwa mbili. Lilikaa katika chumba cha chini ya nyumba ya Halvar, chenye mlango wake wa nje, na kutoka hapo mabomba mawili yalipita chini ya ardhi mita kumi na nane hadi nyumba kubwa ya wazazi, alikoishi Evert na mkewe Gunvor. Bomba moja lilipeleka maji ya moto, jingine liliyarudisha yakiwa yamepoa. Ndugu hao walichimba mtaro huo kwa mikono yao wenyewe kiangazi kimoja, miaka kumi na nne iliyopita, wakibishana na kucheka, maana siku hizo walikuwa bado wanasemezana. Evert alipenda mambo mapya. Ndiye aliyesema kuni zitawavunja migongo, wanunue tanuri la peleti, vile vijiti vifupi vya unga wa mbao ulioshindiliwa, ambavyo mashine huvimimina motoni yenyewe. Siku lilipowashwa akabomoa jiko la kuni la mama yao, matofali yote, asije akashawishika kurudi nyuma. Ndiyo maana sasa nyumba kubwa haikuwa na moto mwingine, isipokuwa kijihita kimoja cha umeme ambacho kisingepasha joto hata banda la kuku.

Wiki tatu kabla, hospitali ya mjini ilimruhusu Evert arudi nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na cha kumfanyia tena. Alitaka kufia chumbani kwake. Muuguzi wa wilaya akakubali kwa sharti moja: chumba kisishuke chini ya nyuzi ishirini na mbili, kwa sababu mgonjwa alikuwa amebaki mifupa na hana cha kujitia joto. Nyumba ikipoa, gari la wagonjwa litakuja kumrudisha mjini. Muuguzi alifika kila siku saa nane mchana, na kitu cha kwanza alichotazama, kabla ya mgonjwa, ni kipimajoto cha ukutani. Halvar aliyajua hayo kwa Gunvor. Masanduku ya barua ya nyumba hizo mbili yalikuwa juu ya nguzo moja kando ya barabara, na hapo ndipo mashemeji hao walipozungumzia, dakika mbili, kila mmoja akitazama barua zake.

Kwa nini Halvar asivuke ua akamwone kaka yake, hapo ndipo penye kidonda. Miaka tisa nyuma, Halvar akiwa kaskazini akiendesha mashine ya kukata miti, mama yao mzee Hulda alianguka mara mbili kwa wiki moja. Gunvor alikuwa ametoka kupasuliwa mgongo, hawezi kuinua hata ndoo. Evert akampeleka mama kwenye nyumba ya wazee mjini. Mama alikaa huko siku kumi na tisa, akafa asubuhi moja ameshikwa mkono na msichana aliyeanza kazi Jumatatu ya wiki ileile. Siku ya maziko, kwenye kahawa, mbele ya keki saba na kijiji kizima, Halvar alisimama akamwambia kaka yake, "Na wewe utafia mikononi mwa wageni." Watu wakaweka vikombe chini. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sisi majirani tulichukua majembe yetu tukalima miaka tisa, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Maneno yalikatika, lakini joto halikukatika. Kila vuli Evert aliagiza peleti, lori likazishusha, Halvar akazipanga magunia kwa magunia. Kila Jumamosi Halvar alizoa majivu na kupiga brashi. Watu wawili wasiosalimiana walioga maji ya moto mmoja.

Sasa maneno yale yalikuwa yamerudi kumtafuta aliyeyasema. Chumba kikipoa ni gari la wagonjwa, ni mjini, ni wageni, na mkono utakaokuwa umemtoa Evert kitandani mwake ni wa Halvar mwenyewe. Aliliwaza hilo akishuka ngazi za nje, theluji ikilia chini ya buti, na akaogopa kama hajawahi kuogopa tangu mkewe augue.

Taa nyekundu ya tanuri ilikuwa inawaka. Alibonyeza kuizima, akasubiri, akasikiliza.

Halvar hakuwa mtu wa kubahatisha. Alikuwa na utaratibu wake: anzia peleti zinakoanzia, malizia moshi unakotokea. Akazamisha mkono kwenye pipa hadi kwenye kiwiko. Peleti zilikuwa tele, kavu, laini, zinanukia msonobari. Akajaribu parafujo, ule msumari mrefu wa kuzisogeza, nao ukazunguka, peleti zikateremka kwenye bomba zikigongana. Akatazama kiwashio kupitia kioo kidogo cha mlango wa tanuri. Kikawa chekundu. Peleti zikafuka, zikashika, na moto ukasimama vizuri tu, hata akaanza kuona haya kwa hofu yake.

Dakika ya nne moto ukawa wa manjano. Ukalala, ukatoa moshi mweusi, ukafa. Jicho la mashine, lile linalotazama kama moto upo, likaona giza, na taa nyekundu ikawaka tena.

Akafungua kichomeo. Ndani ya bakuli lake majivu yalikuwa yameyeyuka na kuganda kuwa kokoto gumu, kubwa kama kitumbua. Akalipiga kwa bisibisi na nyundo mpaka likaachia, akalitupa kwenye ndoo, na moyo wake ukatulia kwa kuwa sasa amemjua mkosaji. Akawasha. Dakika nne, moto ukafa.

Akatoa lile jicho, akalipangusa kwa kipande cha shati. Akawasha, moto ukafa. Akafungua feni, akakuta vumbi kiasi cha kawaida, akalitoa kwa mswaki. Akawasha, moto ukafa. Akafungua kifuniko cha juu, pale moshi unapopita kwenye mirija ya kupashia maji, na hapo ndipo alipokunja uso. Mirija ilikuwa imejaa masizi meusi, laini, yanayoshika vidole. Aliipiga brashi Jumamosi iliyopita. Masizi ya mwezi mzima yalikuwa yameingia kwa siku moja, na hakujua yametoka wapi. Akaingiza brashi ya waya, mrija kwa mrija, masizi yakimwagikia kwapani na usoni. Akafungua kidirisha cha chini cha dohani, akaingiza kioo cha kunyolea, akaona kipande cha mbingu kimetulia juu kabisa. Njia ilikuwa wazi. Akawasha kwa mara ya tano, akapiga magoti mbele ya kioo akihesabu kwa mdomo. Dakika nne.

Akampigia simu fundi. Fundi alikuwa kwenye nyumba ya nne tangu alfajiri, kilomita tisini kutoka hapo, na baridi ile ilikuwa imeangusha matanuri nusu ya wilaya. Alisema angekuja kesho, labda kesho mchana. Akauliza kama Halvar amesafisha jicho. Halvar, ambaye alikuwa akisafisha jicho hilo tangu fundi huyo akiwa shule ya msingi, alisema asante akakata simu.

Saa nne ikapita. Kichwa kilikuwa kinamgonga kwa moshi, na vidole vilikuwa vimechanika kwenye ncha. Alizungumza na tanuri kwa sauti ya chini, kwanza kwa matusi, baadaye kwa kubembeleza. Akaliambia kwamba kama lina kisasi naye lisubiri wiki ijayo, hata lilipuke likitaka, lakini leo limpe siku moja. Mtu mzima hasemi hivyo na chuma, lakini hapakuwa na mtu wa kumsikia, na kusali alikuwa ameshasahau.

Saa tano hivi alikuwa amewasha kwa mara ya saba alipoona mwanga unaingia. Mlango ulifunguliwa, na Gunvor akasimama kizingitini, koti kubwa la Evert mabegani, theluji imemfika magotini. Hakuingia. Huku kwetu mtu haingii chumba cha kazi cha mwenziwe bila kukaribishwa, hata nyumba ikiungua, na Halvar naye hakumkaribisha kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye kioo.

"Habari za huku, shemeji?"

"Zinakuja. Kule kukoje?"

"Kumepoa kidogo."

Kidogo ya Gunvor aliijua. Akauliza nyuzi ngapi, naye akasema kumi na sita. Alikuwa amemfunika Evert mablanketi manne na kumzungushia chupa za maji ya moto, na kile kijihita kilikuwa kimewekwa miguuni pake. Alisema Evert amekunywa vijiko viwili vya kahawa. Halvar akasema vizuri. Moto ulikuwa umeshika, ukaanza kupanda.

"Halvar," alisema Gunvor. Ilikuwa nadra kumwita kwa jina. "Kuna jambo."

"Subiri, shemeji. Subiri kidogo. Umeshika."

Gunvor akasubiri. Dakika ya nne ikafika, na moto haukulala. Dakika ya tano ikapita. Moto ulikuwa mweupe, umesimama wima, unavuma kwa sauti ile nzito aliyoizoea, na Halvar aliinua mkono mmoja nyuma yake kama mtu anayewanyamazisha watoto, huku machozi yakimtoka kwa moshi au kwa furaha, yeye mwenyewe hakujua. Dakika ya sita. Ya saba. Gunvor alisimama pale na mlango wazi, pumzi yake ikitoka nyeupe, akimtazama yule mzee mweusi wa masizi aliyepiga magoti.

"Naona una kazi," alisema mwishowe. "Si jambo la haraka."

"Mwambie saa saba chumba kitakuwa na joto," alisema Halvar bila kugeuka. Kisha akaongeza, na ulimi wake ukawa mzito, "Mwambie ni mimi nimesema."

"Nitamwambia."

Akafunga mlango. Aliufunga sawasawa, akausukuma kwa bega mpaka kitasa kikalia, kwa kuwa yeye ni mtu aliyelelewa vizuri na baridi ilikuwa kali. Halvar alibaki amepiga magoti. Miaka tisa, na hilo ndilo lililokuwa neno la kwanza kulituma kwa kaka yake. Lilikuwa neno dogo, la kuhusu joto tu, lakini lilikuwa limetoka.

Dakika tatu baadaye moto ukawa wa manjano, ukalala, ukafa.

Safari hii hakutukana. Alikaa chini kwenye sakafu, mgongo kwenye gunia la peleti, akiwaza kama mtu aliyeishiwa nguvu za kufanya jambo jingine. Mara sita moto ulikufa dakika ya nne. Mara ya saba uliishi zaidi ya dakika kumi. Alifanya nini mara ya saba ambacho hakukifanya kabla? Hakufanya kitu. Peleti zilezile, jicho lilelile, mirija ileile. Akageuza kichwa akautazama mlango uliofungwa, kingo zake zimezibwa na barafu iliyojengeka usiku kucha kwa mvuke wa chumba. Kisha, polepole, akageukia ukuta wa nyuma, juu ya rafu ya zana, penye tundu la hewa.

Ndani ya tundu kulikuwa na sweta la sufu la kijivu, limeshindiliwa.

Alilishindilia yeye mwenyewe jana jioni, baada ya redio kutangaza. Upepo wa tundu lile ulikuwa unapiga mabomba moja kwa moja, na yeye alitaka kila tone la joto limfikie Evert, lisipotee njiani hata kidogo. Akachukua sweta kuukuu, akalishindilia kwa vidole gumba, akaenda kulala ameridhika. Mtu wa miaka sabini na mmoja, aliyewafokea vijana wawili wa kijiji hiki kwa kuziba matundu ya hewa wakati wa baridi, aliunyima moto pumzi usiku kucha halafu akashinda asubuhi nzima akiusafisha koo. Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo ilikuwa sweta.

Akalivuta kwa mikono miwili. Baridi ikaingia chumbani kama maji. Akawasha.

Dakika ya nne ikapita. Ya kumi ikapita. Ya ishirini ikapita, na kipimajoto cha maji kikaanza kupanda, hamsini, hamsini na tano. Halvar alicheka peke yake, akajipiga kofi la paja, kisha akalia kidogo, kilio kifupi kilichomshangaza. Ilipofika saa sita na nusu maji yalikuwa yamefika nyuzi sitini na nane, na bomba la kwenda nyumba kubwa lilikuwa haligusiki.

Hapo angeweza kuondoka. Moto haukumhitaji tena. Lakini alibaki, akafagia masizi, akapanga bisibisi zake kwa ukubwa, akafuta sakafu ambayo haijafutwa tangu vuli. Ukweli ni kwamba alikuwa anajiandaa. Alikuwa ameamua kuvuka ua. Asingeweza kwenda tu hivihivi, akabisha hodi, akasema nimekuja kumwona kaka yangu; mdomo usingemtii. Ila fundi, na leo fundi alikuwa yeye, ana haki ya kwenda kukagua kazi yake. Atabisha hodi saa saba kamili kama alivyoahidi, atamwambia Gunvor anataka kupima rejeta ya chumbani, atavua buti, ataingia. Atapiga magoti, ataishika rejeta. Halafu, akiwa hapo chini, Evert akiwa hapo juu kitandani, huenda mmoja wao angesema kitu. Alilirudia hilo kichwani mara tatu, akaliona linawezekana. Akanawa mikono kwenye ndoo, lakini masizi hayatoki kwa maji baridi.

Saa saba kasoro dakika tano alifungua mlango akapanda ngazi. Kwanza alitazama juu kuuona moshi. Ulikuwa mwembamba, mweupe, umenyooka. Akaridhika. Kisha akatazama ng'ambo ya ua, na dirisha la chumba cha Evert lilikuwa wazi.

Halikuwa wazi kidogo. Lilikuwa limefunguliwa lote, mabawa yote mawili, na pazia limetolewa nje na upepo.

Hasira ikampanda mpaka masikioni. Nani anayefungua dirisha katika nyuzi thelathini na nne? Karibu saa sita nzima amelala kwenye majivu, amepasua vidole, amebembeleza chuma kama mtoto, ili joto lifike katika chumba kile na si kingine, na mtu anakuja kulimwaga nje? Alishapiga hatua kadhaa za haraka, kifua kimejaa maneno ya kumwambia Gunvor, kabla miguu haijasimama yenyewe katikati ya ua. Sisi huku hatufungui madirisha Januari. Tunayafungua kwa sababu moja tu, ili roho iliyotoka ipate njia.

Halvar alisimama pale muda ambao hakuupima. Kisha akaenda, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Mlango wa nyumba kubwa haukufungwa. Akavua buti barazani, akapita jikoni, pale palipokuwa na jiko la mama yake na sasa pana kabati. Gunvor alikuwa chumbani, amekaa kwenye kiti, taulo lenye maji mapajani. Alikuwa amemnawisha Evert uso na kumchana nywele. Evert alikuwa mdogo kuliko Halvar alivyomkumbuka, mdogo sana, mzee mwenye pua ya baba yao.

"Nimefunga rejeta," alisema Gunvor. "Ilikuwa imeanza kuwa ya moto sana. Ilinibidi nishike kwa kitambaa."

"Alituacha saa ngapi?"

"Saa sita na dakika kumi."

Halvar akahesabu. Akauliza kama rejeta ilikuwa imeanza kupata joto wakati huo, kama Evert aliisikia ikilia, maana chuma kile hulia kikianza kupashwa. Gunvor alifikiri.

"Bado," alisema. "Ilianza baadaye."

Angeweza kudanganya. Wengine wangedanganya, na labda sisi pia tungejifunza kudanganya kidogo ili kumliwaza mtu. Lakini Gunvor hakujua namna hiyo.

Halvar akashika ukingo wa kitanda. "Asubuhi ulikuja kusema nini, shemeji?"

Gunvor alilikunja lile taulo mara mbili. "Aliamka saa nne, ana akili zake zote. Akasema, mwite Halvar aje akae."

"Akae."

"Ndivyo alivyosema. Aje akae hapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na kazi," alisema Gunvor, na katika sauti yake hamkuwa na lawama hata chembe, na afadhali ingekuwamo. "Nikarudi nikamwambia umesema saa saba chumba kitakuwa na joto. Alifurahi. Nikamuuliza nikuite tena, akakataa. Akasema mwache amalize, atakuja akimaliza."

Halvar alitaka kusema kwamba nyuzi kumi na sita zilitosha. Kwamba angeingia hapa na mablanketi yake yote, angemlalia miguuni kama mbwa, angempa joto la mwili wake, na tanuri lingekaa baridi mpaka kiangazi. Lakini hayo yalikuwa maneno ya kumwambia mtu mwingine, na huyo alikuwa ameshapita dirishani.

Akavuta kigoda cha dirishani, akakaa. Gunvor akauliza kama afunge dirisha. Halvar akatikisa kichwa, akasema liachwe kidogo. Baridi ilikuwa inaingia ikishuka sakafuni, na pumzi zao wawili zilionekana, ya Evert haikuonekana. Baada ya muda Halvar aliunyoosha mkono wake, akauona jinsi ulivyo mweusi, akasita. Kisha akaushika mkono wa kaka yake hivyohivyo. Ulikuwa bado haujapoa wote. Masizi yakabaki kwenye vidole vilivyokuwa vimetoka kunawishwa, na Gunvor aliyaona, lakini hakuyafuta.

Gunvor alikwenda jikoni mara moja, akarudi. Nje jua lilikuwa limeshagusa vilele vya misonobari, likijiandaa kutua mapema kama kawaida yake.

Saa nane kamili gari la muuguzi likaingia uani. Walimsikia akikung'uta theluji barazani, akivua viatu, akiita jina la Gunvor kwa sauti ya chini kama mtu aliyekwishaliona dirisha. Alisimama mlangoni kwa soksi. Hakukitazama kipimajoto. Alimtazama Evert, akainamisha kichwa, akamkumbatia Gunvor. Kisha akamwona yule mzee mweusi kwenye kigoda, ameshika mkono wa marehemu, akauliza kwa upole kama ni jirani.

"Ni mdogo wake," alisema Gunvor. "Nyumba ile pale ng'ambo."

Muuguzi aligeuka akatazama kupitia dirisha lililo wazi. Nyumba ilikuwa karibu mno, hata masizi kwenye kitasa cha mlango wa chini yalionekana. Alikuwa amekuja hapa wiki tatu mfululizo, kila siku, Jumapili pia.

"Pole sana," akamwambia Halvar. "Sijawahi kukuona hapa."

"Nilikuwa na kazi," alisema Halvar.